Feni Moja Tu

Kadi ilikuwa na joto, na haikuwa imechomekwa popote.

Muuza vifaa vya mtumba aliitoa chini ya kaunta ikiwa imeviringishwa kwenye taulo lililolowa, akaikabidhi kwa ncha za vidole kama mtu anayeepua kiazi jikoni. Bisibisi aliigeuza, akaikagua meno yake, akainusa. Ilinuka nywele zilizoungua. Mtu mwingine pale angeuliza maswali. Yeye, maskini, alishaliona toleo lililochapwa ubavuni, na kuanzia hapo masikio yakaziba. Kadi ya picha ya kompyuta ya namna ile alikuwa akiiota mwaka mzima, na sasa ipo mkononi kwa bei ya kutupa.

"Mbona ya moto?"

"Jua hilo la dirishani." Muuzaji alikuwa akitazama pembeni.

"Na taulo la nini?"

"Kaka, unachukua au huchukui? Ila ukichukua, hairudi hapa. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Dirisha la duka lile lilitazama ukuta, jua lisingepita hata kwa kuombwa, lakini hilo Bisibisi alilikumbuka baadaye sana, wakati kukumbuka hakumsaidii kitu.

Bisibisi ni jina alilobandikwa na mkewe, kwa sababu hakuna wiki iliyopita bila yeye kulifungua kasha la kompyuta yake. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi. Aliifanyia nyumbani, kwenye chumba cha mbele alichogawana na mkewe, fundi cherehani: mume upande wa dirisha, mke upande wa mlango, na katikati, sakafuni, binti yao wa miaka sita. Huyo walimwita Kijino, tangu meno mawili ya mbele yalipong'oka, kila "s" ikawa inamtoka na upepo. Walimpata baada ya miaka tisa ya kuhangaika, na hawakupata mwingine. Kompyuta nayo Bisibisi aliijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, na kama ilivyo kwa watu wa ugonjwa ule, haikuisha kujengwa. Leo kaongeza ramu, kesho kabadilisha prosesa, keshokutwa ile pawasaplai aliyoisifia mwezi jana imeshakuwa takataka. Mkewe alikuwa akisema mke mwenza mwenye miguu angejua la kumfanya, lakini huyu wa bati atamwanzia wapi?

Kadi ilifanya kazi, tena si mchezo. Video iliyokuwa ikila asubuhi nzima sasa ilikamilika chai haijapoa. Bisibisi alicheka peke yake, akapiga meza makofi, akasahau ile harufu. Tatizo lilikuwa moja, namba. Kwenye kona ya skrini aliweka kipimo cha joto la mashine, na kile kipimo kikasimama tisini na moja, tisini na tatu, hata pale kompyuta ilipokuwa haifanyi lolote. Akaizima ipoe. Saa nzima baadaye akagusa ubavu wa kasha, akaurudisha mkono haraka.

Kijino aliipenda mashine yenye joto. Alihamisha vitabu vyake vya kuchora, akawa anakaa ameegemea kasha.

"Baba, humu kuna mtu anapumua."

"Hiyo feni, mwanangu."

"Feni haikohoi, baba."

Mkewe akasimamisha cherehani. Wakatazamana. Bisibisi akacheka, lakini kicheko kilitoka kikavu, kwa sababu mchana ule ule, akiwa amechomoa waya wote ili afute vumbi, alisikia kutoka ndani ya kasha pumzi moja ndefu, fuuu, kama ya mtu anayepuliza kikombe cha uji. Hakumwambia mtu.

Sasa mwenye akili zake hapo angeirudisha kadi kwenye taulo lake akaenda kuitupa mbali. Lakini mpe mjenga kompyuta tatizo lolote duniani, hata la mkwewe, atakwambia ongeza feni. Bisibisi akanunua mbili za mbele na moja ya juu. Akanunua na kipoozeo kikubwa chenye mabomba ya shaba, kizito, kinachoweza kumvunja mtu kidole cha mguu. Akafunga vyote siku moja, akawasha, na namba ikaanza kushuka. Themanini. Sitini. Ilipofika thelathini na nane alirukaruka.

"Njoo uone! Thelathini na nane! Imetulia kama maji ya mtungi!"

"Njoo wewe," mkewe alijibu kutoka sakafuni, kiganja kwenye paji la uso la Kijino. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Njoo umshike huyu mtoto."

Homa ile haikuwa na jina. Hospitali walimpima damu, mkojo, kifua, vipimo vyote vikatoka safi. Dawa ziliingia, homa ikakaa pale pale, arobaini, haipandi wala haishuki. Kitambaa cha maji kilikauka kwenye paji lake kabla mama hajakunja cha pili. Shuka lilinuka nywele zilizoungua. Siku ya tano daktari aliacha kuwatazama machoni, akasema kwa upole kwamba wanaweza kumrudisha nyumbani, na Bisibisi akatoka nje, akashika ukuta, akalia waziwazi mbele za watu. Mtoto wake alikuwa anakufa.

Mkewe hakulia. Alimpigia simu shangazi yake.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, mnene, mwenye domo, na mji mzima ulijua kwamba zaidi ya kuzalisha alikuwa anazungumza na majini. Hakuja na ngoma wala mbwembwe. Alikuja na mkoba, akavua viatu, akamgusa mtoto, kisha akasimama katikati ya chumba cha mbele akivuta hewa puani.

"Mkwe, mmebadilisha nini humu ndani?"

"Hakuna, shangazi."

"Usinijie na hakuna. Hiki chumba kina baridi ya mahali palipohamwa."

Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kasha, akaweka kiganja. Kisha akamwita mpwa wake kwa sauti ya chini, amlete mtoto, amlaze hapo hapo karibu na mashine, na madirisha yafungwe. Ilikuwa saa nane mchana, nje watu wanasalimiana, mahali fulani mtu anapiga msumari. Shangazi akapiga magoti, akainamia sikio la mtoto, akauliza kwa adabu kama anayebisha hodi kwa watu: "Bwana mgeni, nani amekuudhi?"

Kijino akafumbua macho, na Bisibisi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, aliona kwamba yale macho hayamtafuti mama, hayamtafuti baba, yanatazama kasha, yanalitazama kwa uchungu, jinsi mtu aliyefukuzwa anavyotazama mlango wake, na midomo ile midogo iliyopasuka kwa homa ikafunguka, ikatoka sauti ya mtoto, ile ile, nyembamba, ila kila "s" ikatoka safi, kali, kama kinywani mna meno yote.

"Semeni, nani ametia upepo nyumbani kwangu?"

Mkewe alimshika Bisibisi mkono, kucha zikazama.

"Nyumba ipi, bwana?" Shangazi aliuliza.

"Ile ya bati. Nimelala, sisemi na mtu, simgusi mtu. Huyu amekuja na feni tatu. Sisi ni watu wa moto. Nikae wapi?"

"Umekaa kwa mtoto."

"Ndipo penye joto."

"Huyu mdogo, bwana. Hakuwezi. Sema unachotaka tumalizane."

Kijino, asiyeijua prosesa wala inakaa upande gani, akaanza kutaja vipande. Feni za mbele zitoke. Ya juu itoke. Yale mabomba ya shaba yatoke, kirudi kipoozeo kidogo cha zamani. Prosesa irudi ile ya kwanza kabisa, inayokula umeme, yenye mguu uliopinda, iliyofungwa kwenye soksi juu ya kabati. Bisibisi aliposikia habari ya soksi, aligeuka akatazama kabati. Hakuna binadamu aliyeijua soksi ile.

"Ubavu wa kasha ufungwe," sauti ikaendelea, "skrubu zote nne. Si mbili kama anavyofunga huyu mvivu."

"Na ukirudishiwa nyumba utamwacha mtoto?"

"Nitamwacha. Lakini sitaki kufunguliwa tena."

Alifanya kazi ile, bisibisi ikimponyoka, jasho likimwingia machoni. Maisha yake yote alikuwa akichagua kipande bora zaidi ya kile alichonacho. Siku hiyo alichagua kibovu baada ya kibovu, na hakuwahi kuchagua kwa makini namna hiyo. Alipokaza skrubu ya nne na kuwasha, namba ilipanda kama moshi, sitini, themanini, tisini na saba. Nyuma yake Kijino akatokwa na jasho, akaomba maji, na ile "s" ikatoka na upepo.

"Nisiitupe tu, shangazi? Nikaichome?"

"Ukachome mtu wa moto?" Shangazi alikuwa akivaa viatu. "Huyo ameshamwonja mwanao. Ukimtoa kwenye kasha lake atarudi kwa anayemjua. Mwachie nyumba yake, mkwe. Usiongeze, usipunguze. Kaa mbali na hicho kibisibisi chako."

Alikaa mbali miezi miwili, na lazima tumpe haki yake, kwa mtu kama yeye miezi miwili ni mingi. Kijino alirudi shule, akaota meno. Lakini mashine ikawa kobe. Picha zinaganda bibi harusi akiwa amefumba jicho moja, wateja wanapiga simu, na ile namba pale konani, tisini na saba, inamtazama kutwa nzima. Akaanza kujisemea. Huenda ilikuwa homa tu, ikaisha yenyewe. Huenda jini ameshahama. Yeye haongezi feni tatu, hana wazimu. Feni moja tu, ndogo, ya kiganja, isiyo na sauti, kwa nyuma. Mchana mmoja mkewe akiwa uani anamwogesha mtoto, alifungua skrubu mbili, akaichomeka, akafunga.

Namba ikashuka mpaka thelathini na nane.

Alichukua kipimajoto, akamfuata Kijino aliyekuwa amejifunga taulo, akampima. Thelathini na sita na nusu. Akampima jioni, akampima kesho yake mara nne, mpaka mtoto akaanza kumkimbia. Baridi kabisa. Siku ya tatu Bisibisi alikuwa anapiga mluzi. Jini ameondoka! Akaona ni haki mkewe naye afurahi, akamfuata chumba cha nyuma alikohamishia kazi zake tangu juzi.

Alikuwa amempa mgongo, ananyoosha gauni la harusi. Kitambaa kilikuwa na unyevu, mvuke unapanda, mshono unalia tsss kila anapoukandamiza. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Pasi ilikuwa juu ya kiti, waya wake umezungushwa na kufungwa fundo, na mkewe alikuwa ananyoosha kwa kiganja.

"Funga mlango," alisema bila kugeuka. "Mtoto asisikie."

Akaufunga.

"Juzi nilikuwa namwogesha, maji yakaanza kuchemka beseni zima, nikamnyanyua haraka. Nikajua umefungua. Ningekuita saa ngapi? Nikamwambia, mwache huyu, njoo kwangu."

"Mke wangu, naitoa. Naitoa sasa hivi..."

"Nilishaitoa jana uliposinzia. Nikaichomeka tena usije ukajua." Alipitisha kiganja kwenye mshono, polepole. "Hataki kurudi. Anasema nyumba ile kila siku inafunguliwa. Huku hakuna wa kumfungua."

"Tumwite shangazi."

"Ameshanijibu kwa simu. Anasema safari hii hakudanganywa mtu wala hakuvamiwa mtu, nimemkaribisha kwa mdomo wangu, hatolewi tena." Alitazama viganja vyake. "Siku ya tatu leo sijamshika mtoto."

Mlango ukasukumwa. Kijino aliingia mbio na sare yake ya shule, mikono juu, kichwa kimeinuliwa.

"Mama, nibebe!"

Mama yake akarudi nyuma mpaka ukutani, akaficha mikono mgongoni.

"Nenda kwa baba, mwanangu," alisema, akijitahidi kutabasamu, na nyuma yake rangi ya ukuta ikaanza kutoa moshi.