Vidole vya Lorna

Mara ya kwanza, Abner Omosa alidhani ni wino.

Mkewe, Lorna, alikuwa ameivua ile miwani yake ya gemu na kuiweka kwenye kochi. Aliponyoosha mikono kupokea kikombe cha uji, Abner akaviona vidole vyake. Vilikuwa vimeingia weusi wa kahawia hadi ndani ya kucha, kidole gumba na cha shahada, mikono yote miwili. Mtu yeyote aliyezaliwa Nyansiongo anaujua weusi huo. Ni utomvu wa majani chai, nao hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu, na Lorna hakuwa ameingia shambani tangu aanze kazi ya uuguzi.

"Mama Bev, umechuna chai saa ngapi?"

"Chai gani?" Lorna alijibu macho yakiwa yamefumbwa. "Nimetoka kazini, nimepiga madude yangu risasi, basi. Niache nilale."

Abner hakuendelea kuuliza. Yeye naye alikuwa mtu wa kuchoka. Alfajiri alikamua ng'ombe, mchana alikuwa karani katika kituo cha kupimia chai, na jioni alirudi na masikio yakivuma kelele za wakulima. Binti yao Beverlyne alikuwa shule ya bweni. Nyumbani walibaki wao wawili, pamoja na mama yake Abner, Damaris, aliyekaa katika nyumba ndogo ng'ambo ya ua. Siku nyingine mume na mke walisalimiana mlangoni tu, mmoja akitoka na mwingine akiingia.

Lorna alihudumu wodi ya wazazi, zamu ya usiku. Asubuhi alirudi mwili umekufa ganzi lakini usingizi umemkimbia. Ndipo ndugu yake Duke, anayeishi Nairobi, aliponunua miwani mpya akamletea ile ya zamani. Nani angedhani mama wa kwaya ya Sabato angependa kitu kama hicho? Lakini alikipenda. Alivuta pazia, akaivaa, akashika rimoti moja kila mkono, na sebule ikatoweka. Alikuwa askari ndani ya chombo kikubwa kilichopotea kati ya nyota, akipita kwenye korido za giza na bunduki ya mionzi, akiwalipua wanyama wa chuma waliomrukia kutoka darini.

"Huko hakuna anayeniita sista," alimwambia Abner. "Hakuna anayelia. Nikitoka huko, nalala kama mtoto."

Na kweli alilala, miezi ya mwanzo. Sasa akitoka alikuwa amechoka kuliko alivyoingia. Mgongo ulimuuma. Mabegani palitokea michubuko miwili, kama ya mtu aliyebebeshwa mzigo wenye kamba.

Asubuhi moja Abner alimaliza kukamua mapema, akaketi sebuleni kumtazama. Lorna alisimama katikati ya chumba, miwani imemfunika uso, akigeuka huku na huko, akiinama, akifyatua. Abner akatabasamu. Kisha mikono ya Lorna ikashuka. Rimoti zikaachiliwa, zikaning'inia kwenye mikanda ya viganja vyake. Mikono ile ikafunguka usawa wa kiuno, vidole vikaanza kuchapuka hewani, tek, tek, tek, upesi upesi, na viganja vilipojaa kitu kisichoonekana akakitupa nyuma ya bega lake. Akasogea hatua ndogo kando. Tek, tek, tek.

Abner alipima majani ya wachunaji kila siku ya kazi. Hakuhitaji kuambiwa anachotazama.

Kilichomtia baridi ni ile sauti. Vidole vinavyochuna hewa havilii, lakini hivi vililia, mlio ule ule wa shina laini likikatika, na harufu ya majani mabichi yaliyofungiwa muda mrefu kwenye gunia ikajaa sebuleni, ikachanganyika na jasho la mtu ambaye si Lorna, jasho kali la mvua na moshi wa kuni. Alimshika begani. Lorna hakusita. Ikabidi amvue miwani kwa nguvu.

"Aa, Baba Bev! Mbona umenitoa? Nilikuwa nimebakisha mlango mmoja."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Kupiga risasi. Si unaona?"

"Mikono yako ilikuwa inachuna chai."

Lorna akaitazama mikono yake. "Usinitanie," alisema kwa sauti ya chini. "Nimechoka mno kutaniwa."

Wiki hiyo ndipo kilitokea kisa cha wodini. Lorna alikuwa amempokea mtoto mchanga, amemfunga shali, amempakata akisubiri mama wa mtoto ashonwe. Muuguzi mwenzake akasikia mtoto analia kilio cha ajabu, akageuka. Lorna alisimama, macho wazi, na vidole vyake vilikuwa vinachuna nywele za mtoto, moja moja, na kuzitupa nyuma ya bega. Walimnyang'anya mtoto. Alipopata fahamu na kuelezwa, aliketi sakafuni akajifunika uso kwa aproni. Mkubwa wa wodi akampa likizo, akamwambia asirudi mpaka apone. Kupona nini, hakusema.

"Ningemtoboa jicho," Lorna alimwambia mumewe. "Baba Bev, mimi nimewapokea watoto wa Nyamira nzima. Nikipoteza mikono hii, mimi ni nani?"

Wakamwita mzee wa kanisa, Obwocha, aje kuomba. Alikuja na Biblia na chupa ya mafuta, akaimba wimbo mmoja mrefu, akaomba hadi shati likamlowa. Akaagiza miwani ifungiwe. Abner akaitia kwenye sanduku la bati, akalipiga kufuli, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Damaris akapika matoke, wakala pamoja, na kwa siku chache nyumba ikatulia hata Lorna akaanza kuimba jikoni.

Jumanne, jua likiwa utosini, Abner alirudi kutoka kituoni kuchukua koti na kukuta mlango wazi na kitanda kitupu. Alipoita jina la mkewe, sauti ilimjibu kutoka uvunguni. Ilikuwa sauti yake Lorna, ndogo, yenye mwangwi, kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji.

"Baba Bev, nimezunguka korido zote. Milango imeisha. Nitokee wapi?"

Alilivuta sanduku. Kufuli ilikuwa mahali pake. Alipoifungua, miwani ilikuwa baridi na imezimika, haijatiwa chaji tangu ifungiwe, na bado kutoka ndani yake ilisikika pumzi ya mkewe ikihema, na nyayo zake zikikimbia juu ya sakafu ya chuma, zikienda mbali, zikirudi, zikienda mbali zaidi.

Abner alitoka mbio bila kujua anakwenda wapi, na miguu ikamshusha kwenye chai iliyo nyuma ya nyumba, ile miti mikongwe iliyopandwa na mzungu kabla shamba halijagawanywa, na kule chini akamwona Lorna katikati ya mistari, amevaa gauni lake jeupe la kazi, pekupeku, amejipinda mgongo kama kikongwe, anachuna. Anachuna kwa kasi ambayo Abner hakuwahi kuiona kwa mchunaji yeyote, anatupa majani nyuma ya bega ambako hapakuwa na kikapu, na majani hayo hayakuanguka chini, yalibaki pale mgongoni pake yakiongezeka, yakitengeneza umbo la mviringo juu ya hewa tupu, na kamba mbili zisizoonekana zikimkata mabegani hadi gauni likalowa damu.

Hakukimbia. Hadi leo hajui kwa nini hakukimbia. Anasema alikuwa amechoka kuogopa.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Vidole havikusimama. Kinywa cha Lorna kikafunguka, na kilichotoka ni sauti ya mwanamke mzee ambaye Abner hakumjua, kwa Kiswahili cha zamani cha mashamba ya wazungu, cha mtu aliyefunzwa amri tu.

"Mimi watu ya kazi, bwana."

"Unataka nini kwa mke wangu?"

"Sitaki kitu. Yeye natoka, naacha mwili simama bure. Mimi naona mikono mzuri, iko na nguvu. Yangu naisha." Tek, tek, tek. "Mimi nachoka, bwana. Nachoka sana. Nyapara nasema chuna mpaka filimbi. Mimi nangoja filimbi. Iko lia?"

"Haijalia," Abner alisema.

"Basi nachuna."

Abner akatazama damu iliyokuwa ikishuka kwenye gauni jeupe. Alimfikiria Lorna akikimbia peke yake katika giza lile la chuma, bila mlango. Kisha akapanda kilima akikimbia hadi kwa jirani yao Onsongo, ambaye huchezesha mpira wa vijana sokoni, akamwomba filimbi. Onsongo aliona uso wake, akamkabidhi papo hapo.

Aliporudi, Lorna alikuwa amefika mwisho wa mstari na ameanza mwingine. Abner akasimama mahali ambapo nyapara angesimama, juu ya kijia, miguu imeachana. Akapuliza. Alipuliza mlio mrefu, akapumua, akapuliza tena hadi kifua kikamuuma. Kisha akapaza sauti, kali, kama alivyodhani manyapara wa zamani walivyopaza:

"Kazi imekwisha! Wekeni vikapu chini! Nendeni nyumbani, nyote!"

Vidole vya Lorna vikasimama.

Mwanamke yule alishusha pumzi, ndefu, ya kuanzia nyayoni. Majani yaliyokuwa yameelea mgongoni pake yakamwagika chini kwa mkupuo. "Asante, bwana," alisema. Lorna akaanguka juu ya chai, na alipoinua kichwa alikuwa yeye, analia na kupepesa macho kwa mwanga.

"Mlango umefunguka," alinong'ona. "Nilisikia filimbi, mlango ukafunguka."

Abner alimwinua. Hapo ndipo alipotambua kwamba bonde lote lilikuwa kimya. Tangu utoto wake, mchana wa jua, alikuwa amesikia ndani ya chai ile mlio mdogo wa tek, tek usiokoma, akidhani ni panzi, au ni majani yakikauka. Sasa haukuwepo. Ulikuwa umenyamaza kila mahali, kutoka kingo za shamba hadi mtoni.

Damaris aliwakuta ndani, Lorna amekwisha kuoshwa mabega na amelala fofofo, mikono imetulia juu ya blanketi. Abner alimsimulia mama yake yote kwa sauti ya kunong'ona. Bibi yule alisikiliza akitikisa kichwa.

"Umefanya vizuri kumpumzisha," alisema. "Sokoro, babu yako, alisema wengi walikufa humo. Watu wa mbali, hakuna aliyejua kwao. Walizikwa pale pale kwenye mistari. Ulimwambia nini hasa?"

"Niliwaambia wote kazi imekwisha. Waweke vikapu chini waende nyumbani."

Damaris aliacha kutikisa kichwa. Aliutazama ukuta, kisha sakafu, kisha mlango.

"Nyumbani wapi, Abner?"

"Sijui, Mama. Nyumbani kwao."

"Tulipopewa shamba hili hatukukuta nyumba ila safu moja ya vibanda vya wafanyakazi. Baba yako akavibomoa." Aliongea polepole, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. "Akajenga hii papo hapo."

Jua lilikuwa bado linawaka na kuku walikuwa uani. Abner alisikia nyayo za pekupeku zikipanda kutoka kwenye chai, si za mtu mmoja, zikiburuta kwa uchovu. Kisha nje ya ukuta, kwenye kibaraza, kikapu kikatuliwa chini, na kando yake kingine, na kingine. Harufu ya majani mabichi na moshi ikapenya chini ya mlango. Lorna akageuka usingizini, akasogea hadi ukingoni mwa kitanda, akaacha nafasi.