Mzinga wa Umuagu

"Tai Mmoja, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ndege zimeushambulia mzinga wa Umuagu mara mbili. Umefichwa, lakini marubani wanajua ulipo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mpate msaliti, mmalize kabla ya saa kumi."

"Mnamshuku nani?"

"Kapteni wa mzinga huo. Dubem."

Lotanna Obiefuna akazima redio. Akacheka.

Jasusi wa Biafra hachekelei amri ya kuua. Lakini huyu alikuwa na wivu wa miaka miwili. Siku Nwakaego alipokabidhiwa kikombe cha tembo amwonyeshe baba yake mume anayemtaka, alimpita Lotanna akapiga magoti mbele ya Dubem. Umuagu nzima iliona.

Akatia risasi kwenye bastola yake ya Browning. Akawasha pikipiki yake ya Honda.

Mzinga ulijificha chini ya matawi ya michikichi, juu ya mto. Wapigaji wake wote walikuwa vijana wa Umuagu, wa rika moja, wakilishwa na mama zao.

Browning ikagusa kifua cha Dubem.

"Nani aliwaonyesha marubani?"

"Nilifyatua mimi. Niue, uende zako."

"Ulimfyatulia nani? Siku hizo mbili adui hakusogea."



Kidole kikakaa kwenye kifyatulio. Lotanna aliona raha, tusidanganyane.

"Lota!"

Nwakaego akatua sufuria ya chakula.

"Wivu wako unanuka kuliko baruti! Siku ya kwanza tulimzika Nze Okolie. Ya pili, Nze Agbasi. Watu wa vyeo, wazikwe kimya kama kuku? Vimizinga vyetu vya mazishi mlivichukua mkayeyusha chuma. Wazee wakamlilia mume wangu, akawapigia kombora mojamoja. Naye hawataji, maana mtawafunga."

"Ujinga huo! Moshi ndio uliowaonyesha marubani!"

"Ujinga, ndiyo. Usaliti, hapana. Na leo saa tisa tunamzika Ozo Mbanugo."

Makao makuu wasingeuliza lolote. Risasi moja tu, na Nwakaego angekuwa mjane. Lotanna aliliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko angependa kukiri.

Akashusha bastola.

"Azikwe kwa kishindo. Ila siyo hapa."

Saa tisa, bomu la kienyeji lililipuka kwenye uwanja mtupu wa shule, maili mbili kutoka mzingani. Moshi ukapanda. Ndege ikaja mbio, ikamwaga mabomu yote uwanjani.

Ng'ambo ya mto adui wakashangilia. Mzinga umekufa! Wakajazana kwenye mashua.

"Piga!" Dubem akafoka.

Mashua hazikufika.

"Tai Mmoja. Msaliti?"

"Hayupo."

"Sasa nani alikuwa anawaonyesha?"

"Marehemu wa Umuagu. Nenda ukawakamate wewe."

Nwakaego alikuwa anamfuta mumewe masizi usoni kwa pindo la kitenge, taratibu, huku akimgombeza. Dubem akainua mkono kumshukuru Lotanna. Lotanna akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akapanda Honda, wala hakuaga.

Vijana wakasema jamaa yule ana moyo wa barafu.

Umuahia, kwenye makao makuu, ilikuwa maili thelathini. Aliona wivu maili zote thelathini.