Mara ya Nane

Sauti ya Asia ilikuwa ikihesabu jikoni, ilhali Asia mwenyewe alikuwa uani, mbele ya macho ya mama yake, akianika sare za shule.

"Moja, nne, mbili, nane, tano, saba."

Kisha ikaja harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi hiyo.

Yasmin, mhadhiri wa hisabati, aliitambua namba ile. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kama mchezo. 142857. Izidishe kwa mbili, upate 285714. Kwa tatu, 428571. Na hivyo hivyo hadi sita, tarakimu zikifuatana vile vile, ila mahali pa kuanzia tu ndipo panapohama. Akafunga dirisha. Sauti ikahamia sebuleni, ikianza na mbili; ikapanda darini, ikianza na nne; na mchana, ukungu wa milima ya Uluguru ulipokuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya mtaa wa Mafiga, ikatoka kinywani mwa Asia mwenyewe, nzito, ya kiume, huku mtoto ametoa macho, mikono imekakamaa, na kucha zake zikikwaruza sakafu kwa mpangilio ule ule usiokosea.

Mganga, Bi Mwanahawa, aliitwa kutoka kijijini Matombo. Alifika na chetezo chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jini kataja jina?"

"Ni namba, bibi."

"Namba ndiyo jina lake! Basi huyu msomi mwenzio." Kisha akanong'ona. "Mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mama ndiye anayeita. Rundika jina juu ya jina, mara saba. Ya saba anatoka. Baada ya hapo usiite tena, hata moyoni. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Udi ukafuka. Yasmin akaita namba ile, kila wito akiijumlisha juu ya uliotangulia. Kwenye wito wa sita, 857142, jini likacheka.

"Mwalimu, umechoka? Mbona vyumba vya kuhamia bado vipo?"

"Laki tisa, tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa!" Yasmin akaita mara ya saba.

Tisa tupu; hapakuwa tena na pa kuhamia. Mlango wa uani ukajibamiza. Asia akalegea.

"Mama, nina njaa."

Yasmin akamkumbatia, akalia, akampa uji. Ingeishia hapo. Lakini tangu aanze kazi hakuwahi kuacha jibu bila kulihakiki, na akili yake, hata machozi hayajakauka, ikajumlisha mara moja zaidi: 1142856. Ile moja ya mbele ilikuwa imejitokeza peke yake, kama mguu uliozuia mlango. Akaitoa mbele, akaijumlisha na 142856 iliyobaki.

142857.

Bi Mwanahawa aliinua uso ghafla.

"Umeita."

"Nimehakiki tu, bibi."

"Jini nililokwisha kulitoa likiitwa tena, mimi siliwezi." Akaanza kukusanya vitu vyake, bila kumtazama mtoto.

Asia aliweka kikombe chini, taratibu. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani.

"Moja," ilisema sauti nzito. "Ahsante, Mwalimu."