Aliyeitikia Jina la Obare

Siku ile uwanjani walikuwepo Bwana Maroa, afisa aliyehamishiwa Macalder kutoka Kehancha, mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Mwalimu Angwenyi, aliyewafundisha watoto gwaride. Sammy, mwenye spika za kukodisha. Bosibori, fundi cherehani mwenyeji wa Kisii, aliyeshona mikanda ya rangi za bendera. Na watoto kumi na mmoja, wa mwisho mstarini akiwa Nyamusi, binti wa Bosibori, mwenye miaka saba. Kando ya goli aliketi bibi mmoja na beseni la dagaa wa omena. Yeye hakuwa wa kamati.

Yalikuwa mazoezi ya Siku ya Mashujaa. Mwaka huo mji uliamua kuwakumbuka wachimbaji dhahabu kumi na mmoja waliofukiwa na shimo miaka sita nyuma. Kila jina likiitwa, mtoto mmoja angepiga hatua mbele, aitikie "Yupo!" na kuweka ua.

"Tukisoma majina halafu kimya, itakuwa kama matanga," mwalimu Angwenyi alikuwa amesema kikaoni. "Shujaa hafi. Aitikiwe." Bosibori ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

Bwana Maroa aliita kwa spika. Majina kumi yaliitikiwa vizuri. La kumi na moja likaja.

"Obare Ogweno!"

"Yupo!" Nyamusi aliitikia kwa sauti kali.

Bibi wa omena aliinuka, akaondoka, beseni akaliacha pale pale. Bosibori alilifunika kwa leso, nzi wasiguse, akarudi kutazama gwaride.

"Kushoto, kulia! Kushoto, kulia! Simama!"

Miguu ya watoto ilitua kwa pamoja. Kisha, nyuma ya Nyamusi, ikatua miguu mingine miwili. Ilikuwa mizito, ya gambuti zenye maji ndani.

"Nani huyo anachelewa?" mwalimu alifoka.

Watoto walitazamana. Nyuma ya Nyamusi hapakuwa na mtu. Juu ya nyasi kavu palikuwa na alama mbili za tope jekundu, bichi, na mvua haikuwa imenyesha wiki tatu.

"Ng'ombe huyo," alisema Bwana Maroa.

"Ng'ombe wa gambuti, mkubwa?" Sammy alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali.

Jioni hiyo Nyamusi hakula. Kesho yake alianza kukohoa, na shuka likabaki na vumbi jekundu. Bosibori alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima kifua mara mbili, akampa peremende kutoka mfuko wake mwenyewe, akasema mapafu ni safi. Wazee wa kanisa wakaja, wakaomba wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Nyamusi aliwatazama kama mgeni anayengoja kuonyeshwa pa kulala.

Siku ya tatu, saa sita mchana, jua likiwa limekaa juu ya mabati, Bosibori alikuwa akishona na mtoto amelala kitandani nyuma yake. Harufu ikaingia, ya udongo wa chini sana, udongo usiowahi kuona jua, umechanganyika na dizeli ya pampu za kutolea maji mashimoni.

"Nyamusi," aliita. Mtoto hakujitikisa. Aliita tena, akamgusa bega, na bega lilikuwa baridi kama mtungi. Ndipo wazo likamjia ambalo hakulitaka, akajaribu kulifukuza, akasema moyoni kwamba yeye ni mtu wa kanisa na mambo hayo si yake, lakini midomo yake ikafunguka yenyewe, akainama karibu na sikio la mwanawe, akanong'ona jina lile lililoitwa uwanjani, na kabla hajalimaliza, mtoto, macho yakiwa yamefumbwa, alinyoosha mikono ubavuni kama askari na kuitikia, kwa sauti nzito ya mtu mzima aliyechoka:

"Yupo."

Bosibori alimbeba hadi ofisini kwa Bwana Maroa, ambako kamati ilikuwa ikipanga viti vya wageni.

"Mtoeni huyo Obare kwa orodha. Tafadhali."

"Mama Nyamusi, ratiba imeshachapishwa," alisema Bwana Maroa kwa upole. "Mgeni wa heshima anayo mkononi."

"Basi tuweke mtoto mwingine," alisema mwalimu.

"Wa nani, mwalimu? Chagua. Wako si yuko gredi moja na Nyamusi?" aliuliza Bosibori.

Mwalimu Angwenyi aliirudisha kalamu mfukoni.

Sammy, aliyekuwa akikunja nyaya mlangoni, aliziweka chini. Kati yao ni yeye tu aliyezaliwa hapo. "Tulikosea," alisema polepole. "Na mimi nilinyamaza, nikasema mimi ni mtu wa spika tu. Wale kumi walitolewa, wakazikwa kwao. Obare hakuonekana. Kwetu mwili ukipotea, watu wanazika yago, lile tunda refu la mwegea. Linazikwa badala yake, ndio apate kulala. Obare hajazikiwa. Mama yake alikataa. Ndiye yule dani, bibi yetu wa omena. Mtu hajalala, na sisi tukamwita kwa spika."

Mama yake Obare alikuwa ameketi mlangoni pake. Alimwona Bosibori akija na mtoto mgongoni, akasogea kumpa nafasi, akamletea maji kabla ya kuuliza lolote.

"Nani aliitikia?"

"Huyu wangu, dani. Hatukujua."

"Mmemfungulia mlango. Sasa hivi amekaa kama mgeni tu. Lakini mkimwita mbele ya mji mzima, na aitikie, atakuwa mwenyeji."

"Mzike, dani. Nakuomba."

"Nimzike vipi? Obare alitoroka lile shimo. Kuna mtu alimwona kwa migodi ya Tarime."

"Lini?"

"Mwaka ule wa kwanza."

Kisha bibi akamshika mtoto kidevu. "Obare?"

Nyamusi alifumbua macho. Alijibu kwa Dholuo, lugha ambayo hakuijua zaidi ya salamu, na Bosibori akaona uso wa bibi ukianguka.

"Amesema nini, dani?"

"Amesema, mama, kule chini kuna giza, nimeona mlango uko wazi." Bibi alijifuta uso kwa kiganja. "Huyu hayuko Tarime."

Wakamzika asubuhi iliyofuata, siku moja kabla ya Mashujaa. Sammy na shemeji za bibi walichimba. Mwalimu Angwenyi alikuja na sepetu yake, akachimba pamoja nao. Bosibori alishona sanda ndogo, kwa mkono, maana aliona cherehani ina kelele. Tunda lilipofungwa, bibi alilipakata mapajani kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Bwana Maroa alivua kofia ya serikali, akaita bila spika, kama bibi alivyomwomba: "Obare Ogweno!"

Nyamusi alifungua mdomo. Bibi aliufunika kwa kiganja.

"Hayupo," alisema kwa nguvu. "Obare amekufa. Ni mimi mama yake nasema. Oriti, wuoda. Kwaheri, mwanangu. Shuka ulale."

Harufu ya dizeli ilipita katikati yao. Wakasikia gambuti, nzito, yenye maji, kisha ya pili, na nyasi zikalala moja baada ya nyingine kutoka miguuni pa Nyamusi hadi ukingo wa kaburi, zikapita mbele ya bibi na kusimama hapo kidogo, naye akanyoosha mkono hewani kama mtu anayemfuta mwenzake vumbi usoni, kisha udongo wa ukingoni ukamomonyoka, ukaanguka ndani, na pakawa kimya.

"Mama," alisema Nyamusi kwa sauti yake ndogo. "Nasikia njaa."

Nyamusi yuko gredi ya tano sasa. Asubuhi mwalimu wake akiita majina, likifika lake humtazama tu usoni na kutia alama, kwa kuwa msichana huyo hajaitikia jina kwa sauti tangu mwaka ule.