Shokishoki za Kuala Lumpur

Joto la Ibra, Oman, mwezi wa saba halina adabu, na mwaka ule wa 2003 Bi Shaikha alikataa kuvumiliana nalo. Akamchukua binti yake Huwaida, mwalimu wa skuli, wakapanda ndege mpaka Kuala Lumpur. Siku ya kwanza tu, katikati ya soko lililojaa watu tele, mama akaanza kugombana na muuza vitambaa. Yeye na Kiarabu chake, muuzaji na Kimalei chake.

"Khala, anasema hiyo ndiyo bei ya mwisho," sauti ya Kiomani ikaingia kati.

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, macho ya kucheka. Luay, mtu wa Manah, kulekule Oman, anasoma uhandisi hapohapo mjini. Kwa Kiarabu kitupu akajitolea kuwatembeza. Bi Shaikha akamgeukia bintiye kwa Kiswahili, lugha yao ya siri kila wanaposafiri.

"Muangalie vizuri huyu, asije akawa tapeli."

"Tapeli gani, mama, mzuri namna hii? Hebu tazama nyusi hizo!"

Luay akainama, akatazama viatu vyake.

Basi wakatembea. Kwenye mapango kima wakampokonya Bi Shaikha ndizi na akawatukana kwa Kiswahili. Wakala mishikaki ya kuku iliyorowekwa kwenye mchuzi wa njugu, wakanywa chai ya maziwa inayomiminwa toka juu mpaka itoe povu. Huwaida, baibui lake jeusi na mtandio wa rangi ya zambarau, akawa anacheka kila saa.

"Mama, roho yangu inataka shokishoki," alisema wakiwa garini, Luay kakaa mbele. "Tangu tulipokwenda Unguja sijala."

Asubuhi yake Luay akaja na mfuko umejaa shokishoki, nyekundu, za manywele, zina umande bado.

"Umejuaje?" Huwaida akamuuliza kwa Kiarabu.

"Moyo umenambia, habibti."

Huwaida akayeyuka. Na nyinyi mngeyeyuka, msijifanye.

Siku ya tatu wakapanda kwenye daraja la minara pacha. Juu kule, Luay akiwa hatua mbili tu kando yao, Huwaida akamwambia mamake jambo alilolificha miaka miwili: mchumba wake Hamed alipomwacha wiki moja kabla ya harusi, yeye alimpigia simu akalia, akamwomba arudi. Machozi yakamtoka tena. "Lakini huyu Luay ananisahaulisha, mama. Akinitaka, namkubali."

Jioni hiyo Luay akamwambia, "Mimi nikitoa neno langu sirudi nyuma. Nitakuja Ibra na bibi yangu, tukupose." Huwaida akaona Mungu kamjibu.

Siku ya nne, mchana, wako kwenye meza ya mishikaki, simu ya Luay ikalia. Sauti ya kizee ikapasua hewa: "Luay! Ndo huniamkii siku hizi?"

Bibi aliyekulea huwezi kumnyima maamkizi yake. "Shikamoo, bibi," akanong'ona. "Sijambo. Nitakupigia baadaye."

Mshikaki ukamponyoka Huwaida mkononi.

"Unajua Kiswahili?"

"Huwaida, nisikilize. Mliponiita tapeli niliona haya. Halafu nikasikia unanisifu, nikatamani kusikia zaidi."

"Na jana kule juu? Ulinisikia nikilia?" Luay akaiweka simu mezani. "Sema!"

"Nilisikia."

"Yailahi!" Bi Shaikha akapiga paja. "Na mimi nilisema tangu siku ya kwanza!"

Huwaida akainuka, uso umemwiva kwa aibu na hasira. Mwanamme kamsikiliza siku nne nzima, kamvua nguo ya moyo, na yeye akidhani anapendwa.

Luay alimpigia simu wiki nzima. Mara moja tu akapokea.

"Zile shokishoki. Moyo ulikwambia, au masikio?"

"Masikio. Lakini nakupenda kweli, wallahi."

Akakata.

Mwezi wa tisa Luay akaja Ibra na bibi yake, Bi Hamda, kizee aliyekaa Unguja ujana wake wote kabla ya kurudi Oman na kumlea Luay, Kiarabu chake cha kuombea maji tu. Huwaida akatoka na birika la kahawa, kanzu ya kijani, wanja umemkaa. Akapiga magoti mbele ya kizee. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mashallah!"

Luay hakuweza kusubiri wakubwa wazungumze. "Huwaida, nimekosa," akasema kwa Kiswahili. "Nisamehe. Nimekuja kukuoa."

Huwaida bado alikuwa akimpenda, tena sana, na hilo ndilo lililomuuma. Akammiminia kahawa, akamtazama usoni, akamjibu kwa Kiarabu. Kisha akarudi ndani, na mlangoni mkono wake ulikuwa tayari unafuta macho.

"Kasema nini?" Bi Hamda akauliza.

Luay akakishika kikombe bila ya kunywa. "Kasema samahani, bibi. Hajui Kiswahili."

"We! Si kaniamkia mimi sasa hivi?"