Mfalme Frank wa Frankfurt

"Huyu Mfalme Frank umemtoa wapi?"

"Kwenye mtandao."

"Nionyeshe."

"Simu imeisha chaji."

"Mbona inawaka, Lukas? Muongo wewe."

Radhia alimtupia karatasi. Walikuwa Ghala, mtaa wa magereji, kwenye gereji ya mjomba wake Lukas, wanakoshinda kila Ijumaa. Mwalimu Ibtihal aliwapa kazi ya wawili: miji ya Ulaya iliyopata majina kwa sababu ya maji. Radhia alichukua Uholanzi, Lukas Ujerumani. Lukas alicheza mpira wiki nzima, jana akatunga tu habari za mfalme, akaipiga picha kazi yake, akamtumia mwalimu. Jumapili, shule ikifunguliwa, kazi ingebandikwa ukutani wazazi waisome, na majina ya Radhia na Lukas juu.

"Mimi nimesoma," Radhia alisema. "Amsterdam, watu walijenga tuta la kuzuia maji, yaani dam, mto Amstel. Rotterdam vilevile, mto Rotte. Halafu wewe unaleta mfalme anayependa kuoga. Mama yangu atacheka au atalia?"

Lukas akamgeukia Mjomba Zakayo, aliyeinama kwenye injini. "Mjomba, eti Frankfurt maana yake nini?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Sijui, nimeshasema. Hii gari jana imezama wadi, lile bonde linalojaa maji mvua ikinyesha. Mwenyewe kaniuliza injini imekufa? Nikamwambia sijui. Ningejifanya najua nikawasha, na maji yamo ndani, ningeivunja. Kwanza natoa plagi za injini, naangalia kama kuna maji. Na wewe kaangalie."

Lukas akakaa juu ya tairi, safari hii akatafuta kweli. Ilimchukua nusu saa.

"Furt ni mahali mto una maji machache, watu wanavuka kwa miguu," alisoma. "Frankfurt ni kivuko cha Wafranki. Watu wa zamani."

"Kama pale barabara inapokatisha wadi," Radhia alisema.

"Ndipo huyu alipozamia," Mjomba akasema, akigonga boneti.

Lukas akampigia mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu. Yule mfalme nilimtunga mimi. Radhia hakujua." Akasikiliza, masikio yamemwiva. Akakata simu. "Amesema nipeleke nyingine Jumapili mapema. Na nimwambie kila mzazi nilivyofanya."

"Nitasimama na wewe," Radhia alisema. "Ila nitacheka."

Mjomba akamfuta Lukas grisi shavuni, akamwongezea nyingine. "Kusema sijui si aibu, mwanangu. Aibu ni kumwambia mtu avuke maji ambayo hujayapima."

Mwenye gari akachungulia getini. "Vipi fundi, itapona?"

"Bado sijui," Mjomba alijibu, akageuka, akaenda zake kutafuta spana.