Meno Kumi na Matatu

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mereana hufungua banda la mbwa. Pango hutoka wa kwanza. Ni mbwa mzee, mweusi, mwenye sauti nzito. Mguu wake wa nyuma uliwahi kupigwa teke na ng'ombe, kwa hiyo hapandi tena vilima kwa miguu. Hupanda pikipiki. Huruka kwenye kiti cha nyuma, huweka kidevu begani kwa Mereana, na safari huanza.

Kazi yao ni kuwashusha kondoo. Shamba la ukoo wao lina vilima vikali, na malisho mazuri yako juu kabisa. Zamani kazi hii ilikuwa ya baba yake, Tamati. Sasa nyonga yake ni mbovu. Anatembea kwa mkongojo, na amri zake anazitolea dirishani.

Mwaka huu pikipiki iligoma. Ikifika kwenye mwinuko wa mwisho, injini ilikohoa na kuzimika. Pango alishajua. Akisikia kikohozi cha kwanza, alikuwa ameruka chini.

Kushuka kulikuwa na shida yake. Kondoo wenye watoto hawafukuzwi mbio. Ukiwakimbiza, wanakondoo hupotezana na mama zao, kisha kundi zima hugeuka na kurudi juu. Inabidi uende taratibu nyuma yao, mwendo wa mtu anayetembea. Lakini hata gia ya kwanza ilikuwa na mbio mno. Mereana alishinda ameibana klachi nusu siku nzima, mpaka ikaanza kunuka kama kitambaa kilichoungua.

Jumatatu jioni alirudi bila kondoo hata mmoja.

"Wanyoaji wa sufu wanakuja Alhamisi," alisema baba yake.

"Najua, baba."

Wote wawili walikuwa wanaukumbuka mwaka jana. Tamati alikuwa ndiyo kwanza ameanguka, na kondoo hawakushushwa. Wanyoaji walilikuta banda tupu, wakanywa chai yao, wakaenda shamba lingine. Walirudi baada ya wiki sita. Joto lilikuwa limekuja, na inzi walikuwa wametaga ndani ya sufu chafu. Funza waliwala kondoo wakiwa hai. Kondoo arobaini walikufa. Tamati aliwazika kwa mikono yake, amekaa chini, kwa sababu hakuweza kusimama.

Jumanne asubuhi pikipiki ilizimika hata kabla ya mwinuko. Mereana aliisukuma hadi ng'ambo ya mto, kwa mama yake mdogo, Roimata. Mwanamke huyo alitengeneza pikipiki za mashamba yote ya bonde lile kwa miaka thelathini. Alikuwa akimenya viazi mlangoni.

"Mwanangu, siku hizi unaichunga pikipiki badala ya kondoo?"

Mereana alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alieleza yote. Roimata aliweka kisu chini, akachuchumaa, akachungulia kwenye injini, pale cheni inapoanzia, kwenye gurudumu dogo la meno.

"Nani amebadilisha sproketi ya mbele?"

"Baba. Wiki mbili zilizopita. Ilikuwa inapanda kwa shida, akasema sproketi kubwa ndiyo yenye nguvu."

"Ooh, shemeji yangu!" Roimata alipiga mapaja yake. "Twende. Nataka aone kwa macho yake."

Alichukua sanduku la spana na vifaa vipya alivyokuwa ameviweka akiba, wakaisukuma pikipiki mpaka nyumbani. Tamati aliwaona dirishani, akatoka na mkongojo wake.

"Shemeji, umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukufundisha. Kucheka nitacheka nikifika kwangu."

"Mimi nimeendesha pikipiki kabla hujajua kukaza nati!"

"Na nati hii umeilegeza. Kaa hapo. Nijibu: ukipanda kilima na kondoo mabegani, unapiga hatua ndefu au fupi?"

"Fupi, bila shaka."

"Kwa nini?"

"Ndefu zinachosha. Miguu inakataa."

"Haya. Sproketi hii ndogo ya mbele ndiyo inayovuta cheni. Ile kubwa ya nyuma inazungusha tairi. Ukiongeza meno mbele, kila mzunguko wa injini unasukuma tairi mbali zaidi. Hiyo ni hatua ndefu. Barabarani ni nzuri, unakwenda kasi. Mlimani injini inachoka. Ilikuwa na meno kumi na manne, wewe umeweka kumi na matano. Umemwambia mgonjwa aruke mitaro!"

Tamati alijikuna kidevu. "Kumbe inatakiwa ndogo?"

"Ndogo mbele, au kubwa nyuma. Jino moja ukipunguza mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu au manne nyuma. Leo mbele tunaweka kumi na matatu. Nyuma ilikuwa na arobaini na sita, tunaweka arobaini na nane."

"Kwa nini tusiweke kumi mbele, ipande hata ukuta?" aliuliza Mereana.

"Swali zuri. Ikiwa ndogo mno, cheni inakunjwa sana na kuisha upesi. Tena inaweza kusugua chuma cha chini. Na ujue, mama, barabarani hutakwenda kasi kama zamani. Injini itapiga kelele mapema. Usiilazimishe."

"Mimi barabarani nina haraka gani? Kondoo wako mlimani."

Roimata alichomoa ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akainua mkono wa kushoto. Kidole cha shahada hakikuwa na ncha.

"Ncha yake ilibaki kwenye cheni. Nilikuwa naipaka mafuta huku injini inawaka. Cheni haikushiki mara mbili, mara moja inatosha. Tairi lizungushe kwa mkono."

Walianza na nati ya mbele, cheni ikiwa bado mahali pake. Tamati alikanyaga breki ya nyuma kwa mguu wake mzima ili sproketi isizunguke, Mereana akavuta spana. Nati ikaachia. Ndipo wakatoa cheni na tairi. Meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamechongoka na kulalia upande mmoja. Roimata hakukubali kurudisha cheni kuukuu.

"Cheni iliyovutika itakula meno mapya. Cheni na sproketi zake mbili hubadilishwa pamoja."

Walifunga vipya, wakakaza nati ya mbele na kukunja kibati chake ili isifunguke. Walilinganisha alama zilizo pande mbili za tairi la nyuma, likae sawa. Cheni mpya ilikuwa na pingili za kutosha kwa sproketi kubwa. Mereana aliibonyeza.

"Nikaze zaidi?"

"Ngoja. Pango! Njoo upande!"

Pango aliruka kwenye kiti cha nyuma, akatulia kama abiria aliyelipa. Mereana naye akapanda. Pikipiki ikabonyea, na cheni ikajivuta yenyewe.

"Umeona? Mkikaa wawili inakaza. Ungeikaza ikiwa tupu, ingekatika mlimani. Iache icheze kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu chake, halafu upime tena mkiwa juu."

Mchana ule Mereana aliujaribu mwinuko. Dirishani Tamati alikuwa ameshika pazia. Injini ililia kwa sauti ya juu, pikipiki ikapanda polepole, haikukohoa. Pango hakuruka. Kidevu chake kilibaki begani.

Jumatano walishuka na kundi zima. Gia ya kwanza sasa ilitembea mwendo wa kondoo, na klachi ilipumzika. Kila mwanakondoo alikuwa ubavuni kwa mama yake. Tamati alisimama getini akihesabu mmoja mmoja. Kondoo wa mwisho alipoingia, alifunga geti, akaenda ng'ambo ya mto kwa mkongojo wake, hatua fupi fupi. Alibeba paja la kondoo.

"Sikuja kulipa," alimwambia Roimata. "Nimekuja kusema asante. Mimi nilijifanya najua."

"Shemeji, ulivyokanyaga ile breki, hakuna fundi angekanyaga vizuri zaidi."

Alhamisi wanyoaji walilikuta banda limejaa. Saa ya chai ilipofika, Mereana alichukua spana na kugonga chuma kilichoning'inia mlangoni. Kililia kama kengele, banda zima likasikia.

"Kengele mpya?" aliuliza mnyoaji mmoja.

"Sproketi ya baba," alijibu Mereana. "Ile ya meno kumi na matano. Ameitundika mwenyewe."

Tamati, aliyekuwa akimimina chai, alimjazia Roimata kikombe kwanza.